Nellie Bly: binti aliyejiingiza mwenyewe hospitali ya wendawazimu akatoka na habari (1887)

Kalamu ya Pwani

Wanajamvi, habari za jioni. Wiki iliyopita kwenye mada ya waandishi wa habari nilimtaja Nellie Bly, wakaja watu watatu kuniuliza ndiye nani huyo. Nikaahidi uzi. Leo watoto wamelala mapema, nimekaa na chai yangu, naandika. Utakuwa mrefu, nitaugawa vipande, mwenye swali aulize tu.

Nianze na jina. Nellie Bly ni jina la kalamu. Wazazi walimwita Elizabeth Cochran. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1864 jimbo la Pennsylvania, Marekani, katika kijiji kilichoitwa Cochran's Mills, yaani kijiji chenyewe kilibeba jina la baba yake, mtu mwenye kinu na aliyewahi kuwa hakimu. Mama yake alipenda kumvalisha nguo za waridi, wakamzoea kwa jina la Pink.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi tunalijua majumbani kwetu. Baba alifariki binti akiwa na miaka sita, na hakuacha wasia. Kulikuwa na watoto wakubwa wa mke wa kwanza. Mali ikauzwa, ikagawanywa, nyumba ikaondoka, mama (mke wa pili) akabaki na vichache. Akaolewa tena, safari hii na mlevi mpigaji. Alipodai talaka, Elizabeth alisimama mahakamani akiwa na miaka 14 akaeleza alichokiona ndani ya nyumba ile. Mimi naamini mwandishi alizaliwa siku ile. Mtoto wa miaka 14 anasimama mbele ya watu wazima, anasema: nilikuwepo, nimeona.

Alijaribu kusomea ualimu, ada ikakata, akarudi kwa mama. Wakahamia Pittsburgh.

Ngano Mbichi

Nimeweka mkeka dada. Endelea.

Kalamu ya Pwani

Asante. Tuko 1885. Gazeti la Pittsburgh Dispatch lina mwandishi wa safu, mwanamume mmoja, anaandika kwamba kazi ya mwanamke ni nyumbani na mabinti wanaotafuta ajira wanapotea njia. Elizabeth anasoma. Ana miaka 20, hana kazi, mama anapangisha vyumba ili wale. Anaandika barua ya hasira kwa mhariri na kuisaini "Binti Yatima Mpweke". Mhariri, George Madden, akaona mwandiko mbaya lakini maneno yana moto. Akaweka tangazo gazetini kumtafuta aliyeandika. Binti akatokea ofisini mwenyewe.

Wakati ule kwa kawaida mwanamke hakuandika gazetini kwa jina lake halisi. Madden akachukua jina kutoka kwenye wimbo wa Stephen Foster, mtunzi wa hapohapo Pittsburgh, na akalikosea tahajia. Kosa likabaki mpaka kaburini.

Mshahara dola 5 kwa wiki. Aliandika kuhusu wasichana wa viwandani, wenye viwanda wakalalamika, na wao ndio wanaolipia matangazo. Akasogezwa kwenye maua, mavazi na maonyesho ya bustani.

Hapa naomba niseme langu. Niliwahi kuandikia gazeti moja, sitalitaja, kama mwandishi wa kujitegemea. Nilipeleka habari ya akina mama wanaobeba zege, nimekaa nao siku nne, nimehesabu ndoo. Nikaambiwa, "Dada, wewe tuletee mapishi, hizo nyingine waachie vijana." Niliandika mapishi miezi saba. Kwa hiyo nikisoma kwamba huyu binti alikataa bustani akapanda treni kwenda Mexico na mama yake, akakaa karibu miezi sita akituma habari mpaka serikali ya Porfirio Díaz ikaanza kumwangalia vibaya, mimi simsomi kama hadithi ya mbali.

Aliporudi walimpa tena ukurasa wa sanaa na maonyesho. Siku moja hakuonekana kazini. Aliacha kikaratasi: anakwenda New York, wakae wakimsikilizia.

Mzawa wa Ujiji

Mkuu, hawa waandishi wa Marekani wa zama hizo tunawafahamu. Stanley si alitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone? Huku kwetu Ujiji mpaka leo wageni wanaletwa kuona walipokutana 1871. Huyu naye ni wa kundi hilohilo la kutafuta umaarufu?

Kalamu ya Pwani

Swali zuri, kaka. Stanley ni wa gazeti, kweli, na kilichouza magazeti kilikuwa kilekile: mtu anakwenda mahali wasomaji hawawezi kufika. Ila tazama tofauti. Stanley alipotoka Bagamoyo alikuwa na wapagazi wengi, askari, bendera, na Sidi Mubarak Bombay akiwaongoza wale askari. Nellie kwa safari yake kubwa zaidi alikuwa na mkoba mmoja wa mkononi. Na kwa habari yake kubwa zaidi, ambayo ndiyo nakuja nayo sasa, hakuwa na kitu kabisa. Hata nguo alivuliwa.

New York ilimpokea kwa ukali. Miezi inapita, hakuna gazeti linalomtaka. Mkoba wenye akiba yake yote ukapotea. Akaazima nauli kwa mama mwenye nyumba, akaenda hadi ofisi za World, gazeti la Joseph Pulitzer, akang'ang'ana mlangoni mpaka akaonana na mhariri, John Cockerill. Wakakubaliana habari moja: ajifanye mgonjwa wa akili, aingizwe hospitali ya wanawake iliyokuwa Blackwell's Island, kisiwa katikati ya mto palepale New York, akae, aone, aandike.

Akauliza, mtanitoaje? Mhariri akajibu kwamba hajui, lakini watamtoa.

Naomba msome tena hilo jibu. Ana miaka 23.

Muuguzi wa Zamu

Dada mleta uzi, mimi nimefanya kazi wodi ya akili miaka kumi na moja. Nakusoma kwa makini. Lakini nataka kujua alidanganyaje madaktari, maana mtu kuigiza ugonjwa wa akili mbele ya daktari anayejua kazi yake si rahisi.

Kalamu ya Pwani

Hapo ndipo penye uzito, dada. Haikuwa vigumu hata kidogo.

Usiku wa kuamkia kazi alisimama mbele ya kioo akijizoeza kukodoa macho bila kupepesa. Akasoma visa vya mizimu mpaka nywele zikamsimama. Kesho yake akaenda nyumba ya kupanga ya akina mama maskini, Second Avenue, akajiita Nellie Brown. Kazi yake usiku ule ilikuwa kutolala. Alikaa kitandani ameduwaa, akisema wenzake wote wanaonekana vichaa na anawaogopa. Mama mmoja mwema, Bi Caine, alikesha naye kwa huruma. Nellie aliandika baadaye kwamba alimpenda yule mama kwa ujasiri wake, maana wengine wote walikuwa wanaogopa kulala chumba kimoja naye.

Asubuhi polisi wakaitwa. Mahakamani hakimu Duffy akamwonea huruma, akasema anamkumbusha dada yake aliyefariki. Nellie alikuwa akirudia kitu kimoja tu: masanduku yangu yamepotea, nataka masanduku yangu. Akapelekwa hospitali ya Bellevue. Madaktari wakamtazama ulimi, mapigo ya moyo, macho, wakamuuliza maswali mawili matatu. Mmoja akahitimisha kwamba hana shaka kabisa, huyu ni mwendawazimu, hakuna tumaini.

Na magazeti mengine, washindani wa World, yakaandika habari ya msichana wa ajabu asiyejulikana atokako. Hawakujua ni mwenzao.

Hapohapo Bellevue kulikuwa na msichana anaitwa Tillie Mayard. Alikuwa ameugua homa, nywele nyingi zimetoka, na ndugu na marafiki fedha za kumtunza zimewaishia. Aliamini anapelekwa mahali pa kupumzikia apate nguvu. Alipogundua yuko wapi, alimwambia daktari: kama unajua kazi yako utaona nina akili timamu, mbona hunipimi? Daktari akamjibu kwamba kwa hilo wanajua yote wanayohitaji kujua, akaenda zake.

Muuguzi wa Zamu

Hapo nimeweka simu chini kidogo. Endelea.

Kalamu ya Pwani

Kisiwani. Nitaeleza bafu, kwa sababu bafu ndilo lililobaki kichwani mwangu tangu nilipolisoma.

Chumba ni baridi. Wanawake wamepangwa mstari. Beseni moja, maji yaleyale, anaingia mmoja anatoka anaingia mwingine, mwenye vidonda na asiye na vidonda. Nellie akaambiwa avue. Akakataa, akavuliwa. Mgonjwa mmoja mzee ana kitambaa kikubwa na sabuni laini, anamsugua mwili mzima, hata uso na nywele. Kisha, bila kuambiwa, ndoo tatu za maji baridi kama barafu zikamwagwa juu ya kichwa chake, moja baada ya nyingine. Maji machoni, masikioni, puani, mdomoni. Aliandika kwamba alijua hapo mtu anayezama anasikiaje. Akatolewa akitetemeka, akavalishwa shimizi fupi ya flaneli, akiwa hajafutwa maji. Pembeni ya ile nguo kuna maandishi makubwa meusi: jina la hospitali, kisiwa, ukumbi namba 6.

Alipokuwa anatolewa aligeuka, akamwona Tillie anaingizwa. Tillie anasema kichwa bado kinauma kwa ugonjwa, anaomba wasugue taratibu. Muuguzi akamwambia anyamaze, la sivyo atapata zaidi. Akanyamaza.

Mchana? Kukaa. Mabenchi magumu, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, huruhusiwi kuzungumza, kusimama wala kuegemea upande. Hakuna kitabu. Nellie akaandika kwamba mchukue mwanamke mzima kabisa, mkalishe hivyo, mpe chakula kibovu, usimwambie lolote la duniani, na miezi miwili itamvunja akili na mwili. Siagi imechacha, nyama haina chumvi, mkate mweusi mgumu; kwenye wake alikuta buibui. Usiku kila chumba kinafungwa kwa ufunguo wake peke yake. Alimuuliza daktari, moto ukitokea mtafungua vyumba vyote hivi lini? Daktari hakuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba wauguzi wanatakiwa kufungua.

Na hili ndilo lililonishika zaidi: tangu alipokanyaga kisiwani aliacha kuigiza. Alisema na kutenda kama siku zote. Kadiri alivyozungumza kwa akili zake timamu ndivyo walivyomwona amezidi. Daktari mmoja tu, Ingram, alimsikiliza kwa utu, Nellie akawa anampelekea habari za wanawake wanaoteseka na baridi.

Alikuta wengine hawana ugonjwa. Mjerumani mmoja, Louise Schanz, alifungiwa kwa kuwa hakujua Kiingereza na hakuna aliyejisumbua kutafuta mkalimani.

Siku ya kumi wakili wa gazeti, Peter Hendricks, akaja kumchukua, akisema kuna marafiki watakaomtunza. Aliaga wenzake. Ameandika kwamba alikuwa ameitamani ile siku kwa nguvu zote, lakini ilipofika ikamuuma, kwamba yeye anaenda kwenye hewa na jua na wale wanabaki nyuma ya makomeo.

Habari zikaanza kutoka gazetini tarehe 9 Oktoba 1887.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma mara mbili. Naomba niseme na upande wetu, si kwa kutetea ukatili. Muuguzi mmoja usiku, wagonjwa themanini, taa imekatika, dawa zimeisha tangu Jumatano. Nimewahi kufika mahali nikamfokea mgonjwa, nikaenda nyuma ya jengo nikalia. Mwandishi akija siku ile na daftari lake atamwandika muuguzi. Hatamwandika aliyepanga muuguzi awe mmoja.

Kalamu ya Pwani

Dada, umesema kweli, na nashukuru umesema. Nellie aliwataja wauguzi kwa majina, waliopiga na waliotukana, na kwa alichokieleza nadhani alikuwa na haki. Lakini hakuishia kwao. Aliandika habari ya madaktari wasiopima, ya hakimu, ya chakula, ya mavazi ya baridi ambayo hayakununuliwa. Kisiwa kilikuwa na wanawake wapatao 1,600. Jopo la mahakama lilipochunguza habari yake lilipendekeza mabadiliko aliyoyaomba, na yeye mwenyewe aliandika kwamba jiji lilitenga dola 1,000,000 zaidi kwa mwaka kwa ajili ya wagonjwa wa akili kuliko ilivyowahi kutengwa. Fedha hiyo ndiyo inayoongeza muuguzi wa pili usiku.

Na tazama lilivyokwenda lile jopo. Walimchukua Nellie wakavuka naye mto bila kutangaza, au ndivyo walivyodhani. Boti aliyopandishwa mara ya kwanza ilikuwa chafu inanuka, safari hii wamepewa boti mpya, safi. Ukumbi umesafishwa. Jikoni, karibu na mlango uliowachwa wazi, mapipa mawili ya chumvi yamewekwa yaonekane. Mkate mweupe. Nellie akawa anahofia jopo litamwona mwongo.

Kilichomwokoa ni mgonjwa. Anne Neville, mtumishi wa nyumbani aliyeumwa kwa kazi nyingi akafungiwa humo, aliitwa mbele ya jopo bila kujua wanakuja kwa ajili gani. Akaeleza palepale bafu, baridi, chakula, na kwamba tangu Bi Brown aondoke kila kitu kimebadilika. Maneno yake yakafanana na ya gazetini. Jopo likaamini.

Baharia Mstaafu

Binti yangu, hongera kwa uzi. Mimi nilisikia habari ya mwanamke aliyezunguka dunia kwa siku 72. Ndiye huyo?

Kalamu ya Pwani

Shikamoo mzee wangu. Ndiye.

Alipowapelekea wakubwa wa World wazo la kuzunguka dunia chini ya siku 80, walimwambia hiyo ni ya mwanamume, mwanamke atahitaji msindikizaji na masanduku chungu nzima. Akawajibu: mtumeni mwanamume, nami siku hiyohiyo nitaondoka kwa gazeti jingine na nitamshinda. Walimjua, wakanyamaza. Mwaka mmoja baadaye wakamwita jioni: unaweza kuondoka keshokutwa?

Aliondoka Hoboken tarehe 14 Novemba 1889 kwa meli Augusta Victoria, na gauni moja mwilini, koti, na mkoba wa mkono wa upana wa sentimita 40 hivi. Ndani aliweka kalamu, wino, nguo za ndani, na kopo la mafuta ya ngozi ambalo anasema ndilo lililomsumbua kuliko vyote kufunga mkoba. Ufaransa akapitia Amiens kumwona Jules Verne mwenyewe, yule aliyeandika riwaya ya kuzunguka dunia kwa siku 80. Kisha Brindisi, Port Said, Suez, Aden, Colombo, Penang, Singapore (huko alinunua nyani), Hong Kong, Yokohama, San Francisco, na treni ya pekee mpaka New Jersey tarehe 25 Januari 1890. Siku 72, saa 6, dakika 11 na sekunde 14.

Kulikuwa na mwandishi mwingine, Elizabeth Bisland wa jarida la Cosmopolitan, aliyeondoka siku hiyohiyo kuelekea upande wa pili. Nellie hakujua kama anashindanishwa mpaka alipofika Hong Kong. Bisland alichelewa kwa siku nne.

Mzee, pale Aden kuna kitu kitakupendeza. Aliwasifu wenyeji kwa meno meupe, akashangaa kuwaona wanatembea na vijiti vya mti laini, wamebandua gamba upande mmoja, wanasugua meno. Akauliza, akaelezwa, akaandika kwa mshangao mkubwa.

Baharia Mstaafu

Marahaba mwanangu. Huo ni mswaki! Mswaki wa asili hasa, kabla neno halijahamia kwenye hii ya plastiki. Aden nimetia nanga mara nyingi, na wazee wetu wa majahazi walikuwa wanatoka nayo huko mafungu kwa mafungu. Bibi yangu Pemba alikuwa na wake kwenye pindo la kanga.

Ngano Mbichi

Baada ya hapo ikawaje? Alitajirika?

Kalamu ya Pwani

Nitapita haraka. World walipata mauzo makubwa, yeye hakupata hata nyongeza ya shukrani, akaacha kazi. Akarudi 1893, akamhoji gerezani Emma Goldman, mwanaharakati aliyepinga serikali zote, mwaka uliofuata akaenda kwa wafanyakazi wa reli waliogoma huko Pullman, Chicago, na kuandika kwa upande wao. Mwaka 1895 aliolewa na Robert Seaman, tajiri mwenye kiwanda, mzee aliyempita miaka 40 hivi. Mume alipofariki 1904 akaendesha kiwanda mwenyewe, cha makopo ya maziwa na mapipa ya chuma. Wafanyakazi waliokuwa wakishika hesabu wakaiba, kiwanda kikafilisika.

Mwaka 1914 alikuwa Austria vita ilipoanza, akaenda mstari wa mbele akiwa na miaka 50 na kutuma habari kutoka kwenye mahandaki. Aliporudi New York akaandika safu kwenye Evening Journal, akawa anatafutia watoto yatima nyumba. Alifariki kwa kichomi tarehe 27 Januari 1922, miaka 57. Akazikwa Woodlawn, Bronx, bila jiwe la maana. Jiwe liliwekwa na chama cha waandishi wa New York mwaka 1978.

Muuguzi wa Zamu

Dada, umetuambia ya Anne Neville, umetuambia ya Mjerumani. Yule msichana aliyetokwa na nywele, Tillie. Ilikuwaje?

Kalamu ya Pwani

Nilitumaini hakuna atakayeuliza.

Siku jopo lilipovuka mto, Nellie aliwatafuta wanawake wote aliowaandika kwamba wana akili timamu. Wengi walikuwa wamehamishwa kumbi au wameondolewa. Tillie alimwona. Yalikuwa yamepita majuma machache tu tangu siku ile ya bafu. Ameandika mstari mmoja kuhusu hilo: kwamba Tillie alikuwa amebadilika vibaya kiasi kwamba alipomtazama alitetemeka.